Mbuzi Watatu Ndani ya Subaru

Ng'ang'a alikufa Jumamosi alasiri kwenye Barabara ya Outering. Gari lilikuwa likienda kilomita mia moja na tisini kwa saa, na mbuzi alikuwa mapajani pake. Hakuwa amelewa, kama watu walivyosema baadaye, na gari halikuwa na hitilafu yoyote. Lilikuwa zima kuliko mengi yaliyokuwa barabarani siku hiyo. Kwenye kiti cha abiria aliketi mchongaji vinyago aitwaye Mutisya, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mutisya alitoka hai.

Siku yenyewe ilikuwa imeanza kwa nyimbo. Kule Tassia, katika uwanja mdogo kati ya ghorofa mbili za kupanga, hema lilisimama tangu asubuhi, viti vya plastiki vikapangwa, na kina mama wa upande wa Mutisya wakapika muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani. Wageni walitoka Makadara. Walikuwa watu wa Thuo, kijana fundi wa stima, waliokuja kumposa Wanza. Wanza ni binti wa marehemu kaka yake Mutisya, na Mutisya ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa msichana mzima, na tumbo lake la miezi minane lilitangulia kufika kila mahali alipokwenda.

Tumbo hilo ndilo lililomkosesha Mutisya usingizi. Kwa Wakamba, ndoa ni ntheo. Unaweza kwenda kanisani ukavaa pete, unaweza kupiga picha mpaka mpiga picha achoke, lakini bila mbuzi wa ntheo kuingia kwenu, wewe bado ni binti wa kwenu na mtoto utakayemzaa hana kwa baba. Mutisya alilijua jambo hili si kwa kuambiwa. Dada yake Mukai alikuwa amekaa na mwanamume miaka sita bila mbuzi hata mmoja kutolewa, kisha akafia kwenye uzazi. Mwili ulilala mochari huku pande mbili zikivutana, hawa wakisema si mke wetu, wale wakisema si mzigo wetu peke yetu. Mtoto aliyebaki alilelewa huku na huku kama mkoba uliosahaulika stendi. Mutisya aliapa kwamba mtoto wa Wanza hatazaliwa namna hiyo. Mbuzi wataingia uwanjani kwa miguu yao kabla mtoto hajaja. Hakutaka kitu kingine chochote siku hiyo.

Basi msemaji wa kina Thuo, mjomba mwenye tumbo kubwa na kofia nzuri, akasimama na bahasha nyeupe mkononi.

"Wazee wetu," akasema, "mbuzi hawa hapa. Wote watatu wameingia. Wamenona mpaka bahasha inataka kupasuka."

Watu wa upande wake wakacheka na kupiga makofi. Kwao ndivyo inavyofanywa siku hizi. Mbuzi huhesabiwa kwa mdomo na kulipwa kwa noti, na hakuna anayejisumbua na kinyesi. Hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewaambia vingine, na wao hawakuuliza.

Mzee Kiema, mkubwa wa ukoo wa Mutisya aliyekuja na wenzake kutoka Kibwezi kwa basi dogo la kukodi, aliipokea bahasha. Akaigeuza. Akaiweka sikioni.

"Mbona hawalii?"

"Hao ni mbuzi wa kisasa, mzee," mjomba akajibu.

"Wa kisasa. Na mimi nitawachunga wapi, benki?"

Hapo pande zote zikacheka, lakini Kiema hakucheka. Akairudisha bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mahari ikifika tutapokea karatasi, hatuna kiburi. Lakini ntheo ina kwato. Sisi tunaondoka saa kumi na moja. Mvua imeshaanza kwetu, mashamba yanatungoja, na hatutarudi huku mpaka tumalize kupalilia."

Mutisya alimtazama Wanza, aliyeketi kati ya shangazi zake na kitambaa kichwani. Msichana alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo na macho ameyainamisha chini. Kupalilia kungechukua wiki nyingi. Mtoto hangesubiri.

"Mbuzi wanauzwa Kiamaiko," sauti ikasema kutoka nyuma. "Hapo tu, mwendo wa kutupa jiwe. Mimi nawaleta."

Huyo alikuwa Ng'ang'a, ndugu mdogo wa Thuo. Kijana mwembamba, meno ya mbele yameachana, suruali nyeupe aliyoivaa kwa heshima ya siku ile lakini kucha bado nyeusi kwa grisi. Alikuwa fundi wa magari katika gereji moja nyuma ya Makadara, na kazi yake hasa ilikuwa kuyaongezea magari nguvu. Watu walimletea magari hata kutoka Thika. Lake mwenyewe, Subaru ya bluu, alikuwa amelijenga polepole, leo kifaa hiki, kesho kile, mpaka likawa na ngurumo ya kufanya madirisha ya ghorofa kutetemeka. Viti vya nyuma alikuwa amevitoa vyote ili gari liwe jepesi. Nyuma palibaki bati tupu.

"Pahali pa mbuzi papo," akasema akicheka. "Ni kama nilijua."

Mama yake, Waringa, muuza vitambaa ambaye sauti yake ilisikika sokoni kote, aligeuka kwenye kiti. "Ng'ang'a. Polepole, umenisikia?"

"Mathe, naenda kuleta mbuzi. Si mashindano."

"Nimesema polepole."

"Sawa, mathe. Kama naendesha mayai."

Mzee Kiema akataka mmoja wa upande wake aende kuwachagua, kwa sababu mbuzi wa ntheo hapaswi kuwa na kasoro. Asiwe na jicho bovu wala sikio lililopasuka, na asichechemee. Mutisya akasimama kabla ya kutajwa.

Kwenda kulikuwa salama kabisa. Ng'ang'a alimfunga Mutisya mkanda mwenyewe, mkanda mpana wa kuvuka mabega yote mawili, kama anamfunga mtoto. Aliendesha kwa heshima, mkono mmoja juu ya usukani, akimhadithia mambo ya injini ambayo Mutisya hakuyaelewa hata nusu. Msongamano ulikuwepo Donholm. Mutisya alipiga vidole kwenye goti na kutazama saa.

"Mzee, usishtuke," Ng'ang'a akamwambia. "Tutafika. Brathe lazima aoe leo, hata mimi nataka kuitwa baba mdogo na mtu anayejulikana kwao."

Mutisya alimpenda kwa maneno hayo.

Kiamaiko walimpata mfanyabiashara aitwaye Abdimajid, mtu wa maneno machache aliyesimama katikati ya mifugo kama mtu aliyesimama sebuleni kwake.

"Wa kuchinja au wa kuoa?"

"Wa kuoa," Mutisya akasema.

"Basi njoo huku. Hawa wa hapa usiwaguse."

Mutisya alichagua kwa makini. Alifungua midomo, akapapasa kwato, akawatembeza mmoja mmoja. Mwishowe akapata beberu mmoja mweupe mwenye kifua na majike wawili wa rangi ya kahawia. Kibarua wa Abdimajid akaja na kamba za katani kuwafunga miguu, kama wanavyofungwa mbuzi wote wanaopakiwa.

"Hapana," Mutisya akasema. "Hawa wasifungwe."

Abdimajid akamtazama. "Mzee, mbuzi ndani ya gari dogo, bila kamba?"

"Ukimfunga miguu atafika akichechemea. Wazee wakimwona anachechemea watasema ana kasoro. Nitawashika mwenyewe."

"Hawa ni watatu. Wewe una mikono miwili."

"Nimesema nitawashika."

Abdimajid akamgeukia kijana. Ng'ang'a aliinua mabega. "Mzee akisema, amesema. Siku hii ni yao."

Wakaingizwa nyuma kwenye bati tupu, kwato zikigonga kama mvua ya mawe. Njia za kutoka Kiamaiko ni nyembamba na zimejaa watu, mikokoteni na maji machafu, kwa hiyo walitambaa. Hata hawakuwa wamefika barabara kuu wakati beberu alipoweka miguu ya mbele juu ya bega la Ng'ang'a na kuanza kumlamba sikio. Ng'ang'a akashika breki. Gari likasimama papo hapo. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee! Huyu amenipenda! Mwambie mimi si bwana harusi!"

Mutisya naye akacheka. Alimshika beberu pembe na kumsukuma nyuma, na wakaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma wiki aliwapungia mkono. Hayo yote yalitokea kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hasara yake ilikuwa mate ya mbuzi kwenye sikio.

Walipofika Outering simu ya Mutisya ikalia. Alikuwa Kasiva, mkewe.

"Baba Mumo, mko wapi? Wazee wanafunga mizigo."

"Tunakuja."

"Dereva wa basi anapiga honi. Kiema amesimama na fimbo mkononi. Ameniambia nikwambie kama ni wiki ijayo, ni wiki ijayo bila yeye."

"Mshikilie. Mpe chai."

"Ameshakunywa chai mara tatu!"

Mutisya alikata simu. Mbele yao barabara ilikuwa imefunguka ghafla, njia tatu nyeusi, msongamano umehamia upande wa pili. Ng'ang'a alikuwa akienda mwendo wa kawaida tu. Pikipiki ikawapita. Halafu basi la abiria likawapita. Mutisya aliliona lile basi kuukuu likiwapita na moyo ukamchemka.

"Kijana," akasema. "Hili gari lako la kelele, ni la kelele tu?"

Ng'ang'a akatabasamu bila kumtazama. "Mzee, unanichokoza."

"Nauliza. Nimesikia sifa nyingi tangu asubuhi."

"Mathe amenikataza. Umemsikia."

"Mama yako hayupo hapa. Mimi ndiye mzee ndani ya gari hili. Kanyaga."

Ng'ang'a alimtazama mara moja, kwa upande, kama mtu anayehakikisha hajasikia vibaya. Kisha akabadilisha gia na kukanyaga.

Lazima isemwe ilivyokuwa, kwa sababu watu hudhani vijana hawa ni wendawazimu tu. Kiti kilimpiga Mutisya mgongoni kama teke la punda. Injini ilipiga ukelele, kitu fulani kikapuliza upepo chini ya boneti, na magari yaliyokuwa mbele yakawa kando, kisha yakawa nyuma, kama yameegeshwa. Mutisya aliweka mkono wa kushoto nje ya dirisha, akashika paa. Kwa sekunde chache aliogopa. Halafu woga ukaondoka na kitu kingine kikaingia. Mgongo uliomuuma miaka kumi kwa kuinamia magogo ulinyamaza. Madeni na kodi ya nyumba vilitoka kichwani, hata Mukai. Alijisikia mwepesi. Alijisikia kijana. Akasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Umeona?" Ng'ang'a akapaza sauti.

"Kanyaga!" Mutisya akajibu. "Kanyaga tena!"

Hakuna aliyekumbuka mbuzi. Nyuma pale, kwenye bati lisilo na pa kushika, walikuwa wakiteleza huku na kule, wakigongana, wakilia kilio ambacho injini ilikimeza. Baada ya Donholm Ng'ang'a alihamia njia ya kushoto kulipita lori. Kuhama kudogo tu, usukani haukugeuka hata upana wa kiganja. Lakini kwa mwendo ule mbuzi wote watatu walitupwa upande mmoja, na beberu, kwa hofu, akaruka mahali pekee palipokuwa na mwanga, yaani mbele.

Alitua mapajani mwa Ng'ang'a, kichwa kwenye usukani, miguu ya nyuma kwenye uso wa kijana.

Mutisya alijaribu kumshika kwa mkono wa kulia. Alipata manyoya. Alisikia Ng'ang'a akisema "mzee," neno hilo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Gari likagonga ukingo, likapinduka, likapita chini ya daraja la wapita njia ambapo mama mmoja aitwaye Asenath alikuwa akichoma mahindi, likaendelea kupinduka, likalala kwa ubavu. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kwa muda mrefu. Mahindi yalitapakaa barabarani. Jike mmoja wa kahawia alitoka kwenye dirisha la nyuma, akasimama, akajitikisa, akaanza kula majani ya mahindi.

Hospitalini Mutisya aliwekwa kwenye wodi ya wanaume, mbavu zimefungwa na mkono wa kushoto umezungushiwa bendeji kubwa kama mpira. Ule mkono ulikuwa nje, umeshika paa, gari lilipopinduka mara ya kwanza.

Mzee Kiema hakuwa ameondoka. Alilala kwa Kasiva usiku ule na basi likaenda bila yeye, mashamba yakakaa. Siku ya pili alikuja, akaketi kitandani, akasubiri muuguzi apite.

"Watu wa Makadara wanauliza," akasema kwa Kikamba, polepole. "Polisi wameandika kwamba kijana alikuwa akikimbiza gari. Wengine wanasema alikuwa amelewa. Wewe umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Basi ubaki hivyo."

"Nilimwambia akanyage, Kiema."

"Nani alisikia?"

"Mimi. Na yeye."

"Yeye hayupo." Kiema alitazama mlango. "Sikia, Mutisya. Wale wamepoteza mtoto wakituletea mbuzi. Bado hawajafunga kitu na sisi. Ukiwaambia hivyo, watachukua kijana wao Thuo waende, na hakuna atakayewalaumu. Wanza atazaa baada ya wiki tatu. Unataka azae akiwa nani?"

Mutisya aliutazama ule mkono. Kiema alikuwa amesema kweli tupu, na hakuwa amesema kwa ubaya. Mtu akinyamaza, mtoto anapata kwao. Akisema, anaweza kuwa amemwua kijana halafu akamnyima mtoto baba, vyote kwa mdomo mmoja.

Waringa alikuja siku iliyofuata, peke yake. Alikuwa na chupa ya uji na kikombe. Aliketi, akamimina, akamshikisha kwa mkono wa kulia, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mzima, akamngojea anywe. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini makavu.

"Baba Mumo," akasema, "mimi sikuja kugombana. Watu wanasema mengi. Wanasema mwanangu alikuwa mlevi. Hakuwahi kuonja hata bia. Wanasema alikuwa anajionyesha kwako, mgeni, mzee wa watu, mpaka akakuvunja mbavu. Hilo linanichoma. Nilimwambia aende polepole, akaniitikia. Hakuwahi kunidanganya mchana kweupe. Wewe ulikuwepo. Niambie tu kama alinidharau."

Uji ulikuwa mtamu, umetiwa maziwa. Mutisya alikiweka kikombe chini.

"Hakukudharau," akasema. "Alikataa. Aliniambia mama amenikataza. Mimi nikamwambia mama yako hayupo hapa. Nikamwambia mimi ndiye mzee, akanyage. Alipokanyaga nikamwambia akanyage tena."

Waringa hakusogea.

"Na mbuzi ni mimi niliyekataa wafungwe. Walitaka kuwafunga kule Kiamaiko. Nilikataa mimi."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Muuguzi alipita na toroli, akarudi. Waringa alikuwa amekunja mikono juu ya mapaja.

"Ulifurahia?" akauliza hatimaye.

"Nini?"

"Ule mwendo. Ulifurahia?"

Mutisya alitaka kusema hapana. "Ndiyo," akasema. "Nilicheka."

"Na yeye?"

"Na yeye alicheka."

Hapo ndipo Waringa alipolia, kwa sauti, bila kujificha, mpaka wagonjwa wengine wakageuza nyuso ukutani. Mutisya hakujua la kufanya na mkono wake mmoja. Waringa alipomaliza alijifuta kwa leso, akaanza kukusanya chupa na kikombe.

"Mguu uliokuwa kwenye mafuta ulikuwa wake, si wako," akasema. "Alikuwa mtu mzima na alijua gari lile linaweza kufanya nini. Nilikuwa nikilala kila Jumamosi nikisikiliza simu. Kwa hiyo sitakubebesha yote." Alifunga kifuniko kwa nguvu. "Lakini ungemwambia polepole, angekusikia. Alikuwa na heshima. Hilo nataka ulijue mpaka ufe."

"Nalijua."

"Basi." Akasimama. "Siku ya mazishi utakuja, hata kama ni kwa kiti cha magurudumu, na utayasema haya mbele ya wale vijana wenzake wa gereji. Wanataka kusindikiza jeneza kwa kukimbiza magari. Wewe utawaambia mwenyewe jinsi ilivyo tamu, na jinsi inavyoisha. Mimi hawanisikii, mimi ni mama tu."

"Nitakuja."

Alifika mlangoni, akasimama, mgongo ukiwa kwake. Bado kulikuwa na neno moja ambalo Mutisya hakuwa na haki ya kuliuliza. Waringa aliligundua.

"Wanza ni wetu," akasema bila kugeuka. "Na mtoto ni wetu. Thuo hajaniuliza, na asingethubutu. Mbuzi tutawaleta. Kwa pikapu, wamefungwa, na wazee wako wakilalamika waniite mimi."

Kwenye mazishi Mutisya alisema. Si hotuba, hana maneno ya hotuba. Aliinua bendeji, akawaambia vijana wale waliosimama na miwani myeusi kwamba ni kweli, ni raha, hajapata raha kama ile tangu azaliwe, na kwamba ilidumu muda mfupi kuliko kuvua viatu. Mmoja wao alianza kulia. Magari yao yalilifuata jeneza taratibu, moja nyuma ya jingine. Wiki iliyofuata wawili kati yao walionekana tena barabarani alfajiri, wakikimbizana. Wengine hawakuonekana.

Ntheo ilitolewa Jumanne moja, bila hema wala nyimbo. Pikapu ilichukua muda wake. Mzee Kiema aliwapokea mbuzi, akawahesabu, akasema wametimia. Siku nne baadaye Wanza akajifungua msichana, naye akapewa jina la Waringa, kama inavyofanywa kwa kina Thuo.

Hasara ni hii. Mbuzi wawili walikufa, beberu na jike mmoja. Subaru iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mutisya amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ule wa kushikia gogo, na hachongi tena. Anapiga msasa vinyago vya wenzake. Asenath amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na mahindi pale chini ya daraja sasa anachoma dada yake. Mzee Kiema alipanda akiwa amechelewa na hakuvuna kitu msimu ule. Thuo hana ndugu mwingine. Waringa alizaa watoto wawili, amebaki na mmoja. Na Ng'ang'a, aliyekuwa na miaka ishirini na saba, amezikwa kwao Murang'a, katika shamba la babu yake, karibu na ua wa migomba.